Nani alipima huo unga, na alifunzwa wapi?

Kila unga wa kulevya ukishikwa hapa Malindi mambo huwa ni yale yale. Picha zinarushwa kwenye magrupu ya WhatsApp, kete zimepangwa juu ya meza, kijana amechutamishwa pembeni, huyu anaandika afungwe maisha, yule anaandika mtoto wa watu kasingiziwa, na ndani ya saa moja kesi ishaamuliwa kwenye simu. Mimi huwa na swali moja na sijawahi kuona mtu akiliuliza: nani atakipima hicho kitu, atatumia njia gani, na yeye mwenyewe alifunzwa na hukaguliwa na nani mpaka neno lake likawa na nguvu ya kumfunga mtu miaka na miaka?

Mimi ni mtu wa maabara. Sio ya mihadarati, ni ya hospitali, damu, mkojo, makohozi, malaria, na kwa kazi yetu nimezoea kwamba hakuna jibu zito linalotoka kwa kipimo kimoja. Mtu akipimwa virusi vya ukimwi na kipimo cha kwanza kikaonyesha anavyo, hatumwambii unavyo, tunaenda kipimo kingine cha aina tafauti, na utaratibu umeandikwa na kubandikwa ukutani, na mara kwa mara tunaletewa sampuli ambazo jibu lake analijua aliyezituma tu, ndo aone kama bado tunaijua kazi. Sasa kama jibu la ugonjwa linalindwa hivyo, jibu la kumpeleka mtu jela si lilindwe zaidi?

Kilichonisukuma kuandika ni mama mmoja jirani yetu huku Shella (Shella ya Malindi, sio ile ya Lamu). Kijana wake alishikwa na kete, kesi ikawa inasubiri ripoti ya maabara, na ripoti ilipofika akaja nayo kwangu, kopi imekunjwa mara nne ndani ya kibeti. "Mwanangu, wewe ni mtu wa hizi mambo, nisomee wamesema nini." Nikamsomea. Kilichopokewa ni hiki, uzito ni huu, na ndani yake kumeonekana heroini. Akatulia kidogo kisha akauliza, "Na wamejuaje?"

Nikamwambia mama, ripoti za aina hii huwa fupi, karibu kila nchi ziko hivyo, kazi yenyewe hubaki kwenye faili huko maabara. Lakini swali lake ni swali halali kabisa, na ndo swali ambalo wanasayansi wa fani hii wamehangaika nalo zaidi ya miaka 25, kwa hivyo nataka nilijibu hapa vizuri kuliko nilivyomjibu siku ile nimesimama mlangoni.

Tuanze na rangi, manake hapo ndo watu wengi huishia. Kuna kemikali inaitwa Marquis, ni asidi ya salfa imechanganywa na fomalini, ukidondosha tone kwenye heroini inakuwa zambarau, kwenye amfetamini inaenda rangi ya chungwa mpaka kahawia. Ya kokeni inatumia kobalti, inageuka buluu. Ya bangi iko yake pia, nayo ni zambarau. Ni haraka, ni rahisi, askari anaweza kufunzwa kwa siku moja akaitumia barabarani. Lakini ile zambarau haisemi heroini, inasema kuna kitu cha jamii hiyo, mofini itageuka zambarau, kodeini ambayo iko kwenye dawa za maumivu na za kikohozi itageuka zambarau. Ile buluu ya kobalti kuna dawa za mafua na mzio zinaitoa. Ni kama kupita nje ya nyumba ukasikia iliki, unajua jikoni kuna kitu kinapikwa, lakini ni mahamri, ni chai, ni kaimati, huwezi kuapa.

Na hii sio nadharia. Mwaka 2015 huko Orlando, Marekani, polisi walimsimamisha mtu kwenye gari wakaona chembe nyeupe sakafuni, wakapima na kile kikiti cha rangi, kikasema methamfetamini, mtu akavuliwa nguo akapekuliwa akawekwa ndani masaa kama kumi. Maabara ya serikali ilipopima hakukuwa na dawa yoyote, ilikuwa sukari ya juu ya donati iliyomdondokea akila. Huyo alikuwa na maabara nyuma yake ya kumsafisha, na wakili, na baadaye akalipwa fidia. Nikifikiria kijana wa Maweni au wa Kisumu Ndogo kwenye hali hiyo hiyo roho haitulii, kwa sababu yeye asipopata mtu wa kuuliza "mmejuaje" anaweza kukubali kosa ili mambo yaishe tu.

Ndo maana mwaka 1997 DEA, idara ya Marekani ya kupambana na mihadarati, na ofisi ya Ikulu yao inayosimamia sera ya mihadarati walikusanya wakemia kutoka sehemu mbalimbali, pamoja na watu wa UNODC, ofisi ya Umoja wa Mataifa ya mihadarati na uhalifu, waandike viwango. Hilo kundi sasa linaitwa SWGDRUG na viwango vyake vinafuatwa mbali sana na Marekani. Walichofanya ni kuzipanga njia za kupima kwa makundi matatu. Kundi A ni zile zenye nguvu, zinazosoma umbo la molekuli yenyewe, kama mashine ya mass spectrometry au ya infraredi. Kundi B zinatenganisha vitu na kuvilinganisha, kama kromatografia. Kundi C ndo rangi, na vile vya kutazama maandishi juu ya kidonge. Ukitumia njia ya kundi A bado haitoshi peke yake, lazima uongeze nyingine angalau moja, na ikiwezekana uchote sehemu nyingine ya sampuli, usirudie ile ile. Ukiwa huna A kabisa basi unahitaji njia tatu tafauti, na mbili kati yake ziwe za B. Hesabu hiyo iangalieni vizuri: rangi tatu zikikubaliana bado hazijathibitisha kitu.

Hebu niwaonyeshe kazi yenyewe inavyoenda, kwa kifupi. Mkemia anapokea bahasha, kabla ya kuifungua anaangalia lakiri kama ni nzima na namba kama ni ile ile ya fomu. Anapima uzito, na mizani aliijaribu asubuhi kwa mawe ya uzito unaojulikana na akaandika. Anachota kiasi kidogo sana, anayeyusha, anatia kwenye kichupa. Na hapa ndo penye jambo ninalolipenda kuliko yote katika kazi hii: kabla mashine haijasoma kile kichupa, inasomeshwa kichupa kitupu, yaani kimiminika peke yake bila unga. Kitupu kikitoka kitupu, sawa, endelea. Kitupu kikionyesha heroini maana yake kuna mabaki ya kesi ya mtu mwingine ndani ya mashine, na ukiendelea utampa huyu dhambi ya yule. Baada ya hapo ndo sampuli inasomwa, heroini uzito wa molekuli yake ni 369 na ikivunjwa unaona 327 na nyinginezo, kisha inasomwa heroini safi inayojulikana, ya kulinganishia, ziwe zimetoka dakika ile ile na kwa sura ile ile. Kisha mkemia wa pili, ambaye hakuigusa hiyo sampuli, anasoma karatasi zote kabla ripoti haijatiwa sahihi. Mama, wakifanya hivyo, ndo wamejua.

Sasa kuna idadi. Chukua kete 100 kwenye mfuko mmoja. Nani ana muda wa kupima zote? Zamani wengi walitumia kipeuo cha pili, kete 100 unapima 10, na hakuna sababu ya maana sana nyuma yake zaidi ya kwamba ni rahisi kukumbuka. Siku hizi kuna hesabu. Ukichagua 5 bila kupendelea na zote zikatoka heroini, unaweza kusema kwa uhakika wa asilimia 95 kwamba angalau nusu ya zile 100 zina heroini. Nusu tu! Ukitaka kusema angalau asilimia 90 ya kete ndo zina kitu, unapima 23. Na sheria yetu ya mihadarati ya 1994, hasa baada ya marekebisho ya 2022, adhabu inaangalia gramu, kwa hivyo tafauti ya "nusu zina" na "karibu zote zina" inaweza kuwa tafauti ya maisha ya mtu. Mtu asiyefunzwa hesabu hii atapima mbili tatu aandike 100, na sio kwa ubaya, ni kwamba hakuna aliyemwambia.

Na kuna ubaya wenyewe pia. Boston kulikuwa na mkemia anaitwa Annie Dookhan, maabara ya serikali, alikuwa anatoa sampuli nyingi kwa mwezi kuliko wenzake wote, mara kadhaa ya kazi ya mkemia wa kawaida, na wakubwa wakawa wanafurahi kwamba ana bidii. Kumbe nyingi alikuwa anazitazama tu kwa macho anaandika jibu, na akishikwa na wasiwasi anaongeza dawa anayoijua kwenye sampuli itoke vile alivyoandika. Hata shahada ya pili aliyosema anayo hakuwa nayo. Alikamatwa 2012, akakiri 2013 akafungwa, na 2017 mahakama ikafuta kesi zaidi ya 21,000. Elfu ishirini na moja. Jimbo hilo hilo kulikuwa na Sonja Farak pia, huyu wa maabara ya Amherst, aliyekuwa anatumia dawa za maabara mwenyewe akiwa kazini.

Nawataja hawa kwa sababu kila nikizungumza haya mtu huniambia "shida yetu ni mashine, tukipata mashine mambo yatakaa sawa." Mashine Boston walikuwa nazo. Walichokosa ni mkubwa wa kuuliza vipi wewe unapima nyingi hivi, walikosa ukaguzi wa kushtukiza, walikosa mwenzake wa kusoma karatasi kwa makini, na aliyeuliza hakusikizwa. Kiwango ni hicho, ni mpango wa kutomwamini mtu yeyote kwa uso wake, hata yule mzuri, na mkemia mzuri haudhiki na hilo, anashukuru, manake siku wakili atakapomsimamisha kizimbani zile karatasi ndo zitamtetea.

Huku kwetu tunayo historia yetu. Watu wazima wa Malindi hawajasahau Desemba 2004, kokeni zaidi ya tani moja ilishikwa, nyingine Nairobi lakini sehemu kubwa ilikuwa hapa hapa mjini. Mzigo ule ukawekwa ukilindwa mpaka Machi 2006 ndo ukachomwa, na katikati hapo maneno yalienea nchi nzima kwamba ishabadilishwa, ikabidi upimwe tena na wataalamu wa nje wakiwepo kabla ya kutiwa moto. Mimi somo nililochukua hapo sio la wezi, ni la karatasi. Kielelezo kikiwa na historia iliyoandikwa, kila aliyekishika ameweka jina na saa na uzito, maneno ya mitaani hayana pa kushika. Karatasi zikiwa na mwanya, hata ukweli unaonekana uongo.

Na huo mwanya kwetu Pwani unatengenezwa na safari. Mkemia wa Serikali, yaani ile ofisi inayopima vielelezo vya kesi, ana maabara Nairobi, Mombasa na Kisumu. Kitu kilichoshikwa Malindi kinasafiri kilomita 120 hivi kwenda Mombasa, hiyo nafuu. Fikiria kilichoshikwa Lamu mjini: kinatoka kituoni kwa miguu mpaka jeti, kinapanda boti hadi Mokowe, halafu gari, Witu, Garsen, Malindi, Kilifi, ndo Mombasa, siku nzima ya joto na vumbi. Kikiwa ni bangi mbichi imetiwa kwenye mfuko wa plastiki inaanza kuoza njiani, na hata ikiwa kwenye karatasi inakauka, kwa hivyo uzito wa Lamu na uzito wa Mombasa haulingani, wakili anasimama anasema gramu zimeenda wapi, na askari ambaye hakuiba hata jani moja anaonekana mwizi. Heroini nayo ikipata unyevu na joto inabadilika polepole kuwa kitu kingine cha jamii yake. Haya yote yana dawa yake na ni rahisi: mimea iwekwe kwenye karatasi inayopumua, uzito uandikwe pamoja na tarehe na hali ya kitu kama ni kibichi au kikavu, mizani ya kituo ikaguliwe, lakiri itiwe pale pale mbele ya mshtakiwa. Kupima uzito mbele yake, pale inapowezekana, sheria inataka tayari, lakini sheria haimfunzi askari kushika mizani. Kwa hivyo nikisema mafunzo sina maana ya mkemia tu, mafunzo yanaanza kwa koplo wa zamu.

Kwa mkemia mwenyewe viwango viko wazi. Shahada ya sayansi yenye kemia ya kutosha na vitendo vya maabara. Kisha hafanyi kesi ya mtu mpaka amefunzwa ndani, amepewa sampuli za kujaribiwa akafaulu, amefanya mahakama ya kuigiza akaulizwa maswali ya kumchosha. Kisha kila mwaka angalau masaa 20 ya kujiendeleza, na mtihani wa umahiri kila mwaka. UNODC wana zoezi lao mara mbili kwa mwaka, wanatuma sampuli kwa maabara za nchi mbalimbali bila malipo, unapima, unarudisha jibu, unaambiwa umesimama wapi kati ya wenzako duniani, kwa siri, bila kuaibishwa. Na juu ya hayo kuna ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha maabara, ambacho hapa Kenya ithibati yake inatolewa na KENAS, shirika la ithibati la nchi. Ithibati haiangalii jengo zuri. Inauliza: onyesha mizani ilikaguliwa lini, onyesha nani alimfunza huyu, onyesha mlipokosea mlifanya nini.

Kuna jambo lingine ambalo halihusu jela kabisa na pengine ndo linaniuma zaidi. Malindi tunao vijana wengi wa unga, na tangu 2015 tunayo kliniki ya methadoni, dawa ya kuwasaidia waache heroini, hapa hospitali, imeokoa watu ninaowajua kwa sura. Wale ambao bado wako maskani wanatumia kitu ambacho hakuna anayejua ndani mna nini wiki hii. Heroini ya mtaani mara nyingi inachanganywa na paracetamol na kafeini, hayo ni ya kawaida, lakini tazameni Sierra Leone, ile dawa ya kulevya inayoitwa kush iliua vijana mpaka rais akatangaza hali ya dharura Aprili 2024, na ilipopimwa vizuri wakakuta nitazeni, afyuni za kutengenezwa maabara zenye nguvu kuliko heroini. Kile kikiti cha rangi hakikujengwa kwa nitazeni. Mkemia aliyefunzwa zamani halafu akaachwa hapo anaweza kuiona kwenye mashine asiitambue, kwa sababu hana ya kulinganishia na hajasikia habari zake. Yale masaa 20 kwa mwaka ndo ya kazi hii. Na jibu likipatikana lisiishie kwenye faili ya korti, lishuke kliniki siku hiyo hiyo, wauguzi wajue, walioko kwenye maskani waambiwe.

Ninachotaka mimi ni vitu vinavyofanyika. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi na TUM, chuo kikuu cha ufundi, iko Mombasa, wote wanafundisha kemia, kila mwaka wanamaliza vijana wetu wenye shahada nzuri wanaishia kuuza laini za simu. Wekeni kozi ya kupima mihadarati, hata ya miezi michache baada ya shahada, ifundishe sampuli, kitupu, lakiri, hesabu ya uhakika, na jinsi ya kusimama mbele ya hakimu. Mkemia wa Serikali achukue atachi, wanafunzi wa kujifunza kazini, kutoka vyuo hivyo kila muhula. Kaunti ya Lamu na ya Kilifi zilipie mizani nzuri na mafunzo ya siku mbili tatu kwa vituo vya polisi, gharama yake haifiki ya sherehe moja. Na ripoti inayokwenda kortini iongezwe mistari: njia zilizotumika, kete ngapi zilipimwa kati ya ngapi, uzito na kiasi ambacho uzito huo unaweza kupungua au kuzidi, na jina la aliyekagua.

Na kama una mtu wako kortini saa hii kwa kesi kama hii, usikae na ile karatasi moja. Mwambie wakili aombe faili ya kazi ya maabara, aulize ni njia gani mbili zilitumika, kama kitupu kilisomwa kabla, na aombe mkemia aje mwenyewe aulizwe. Kama kazi ilifanywa sawa atajibu bila shida, na utajua kesi imesimama wapi. Mamake kijana nimeshamwandikia maswali haya kwenye karatasi ampelekee wakili wa mwanawe.